Mtani wa Kwenye Matete

Redio ilisema kisiwa kimekwishakombolewa. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya maji, moshi wake unatuingia machoni, tulikuwa bado tunasikia risasi. Mjomba wangu aliizima redio kwa hasira, akasema kama kimekombolewa basi na waje hao wanaosoma habari watuvunie mpunga wetu. Halafu akaiwasha tena, kwa sababu baada ya habari huwa kuna muziki.

Asije mtu akafikiria kisiwa cha baharini chenye minazi. Kilikuwa kipande cha tope na mchanga katikati ya Ruvuma, karibu na pale mto unapomwagika baharini, ambapo maji hupata chumvi kidogo bahari ikijaa. Masika nusu yake huzama. Mto ukipungua hubaki tope jeusi, na tope lile lilikuwa likiotesha mpunga karibu bila kuombwa. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, sisi wa upande huu na wenzetu waliovuka kutoka Msumbiji kukimbia vita vya Mreno. Ncha ya chini, kuelekea baharini, ilikuwa matete matupu na mikoko, na huko hakulima mtu kwa kuogopa mamba.

Nilikuwa nimeolewa mjini, nikikaa Likombe, mume wangu akipakia korosho melini pale bandarini. Lakini kila mwaka mpunga ukikaribia kuiva nilifunga mzigo na kurudi kijijini kwa mjomba. Kipande cha marehemu mama yangu kilikuwa changu, maana kwetu mambo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mume wangu alinung'unika kila mwaka. Mchele ukifika alikula kuliko wote.

Mwaka ule mpunga ulikuwa umeanza kuinama wakati Wareno walipotua kisiwani kwa boti. Walitaka kufunga kivuko, kwa kuwa hapo ndipo walipopita wakimbizi kuja kwetu na wapiganaji kwenda kwao. Majeshi yetu yakaja kuwatoa. Sisi tulikimbia na tulivyovaa, tukakaa upande wetu wa mto tukisikiliza mashamba yetu yakipigwa. Siku nyingine mlio ulikuwa mmoja mmoja, siku nyingine hatukuweza kuhesabu. Boti za Wareno hatimaye zikaondoka, nyingine zikiungua, na ndipo redio ikatutangazia ushindi.

Afisa aliyeongoza askari wetu alikuja kijijini akaitisha mkutano. Alikuwa mtu mstaarabu, nasema hivyo ili nisije nikaonekana namsingizia. Alisema vita vyenyewe vimekwisha, iliyobaki ni kazi ya kusafisha masalia. Mimi neno masalia nililijua kwa habari ya chakula, kile wanachobakiza wakubwa kwenye sinia kikaachiwa watoto. Alipoendelea nikaelewa kwamba masalia ni watu. Boti zilikuwa zimeondoka kwa haraka na baadhi ya askari wa adui wameachwa kwenye matete. Alitaka wanaume wa mgambo waungane na askari wake wafanye mstari wa kupekua kisiwa kizima, na alitaka wanawake wa kupika.

Tukauliza habari za mpunga. Akasema tusubiri.

Hapo akasimama jirani yetu mmoja, mama wa Kimakua, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa amevuka mto miaka kadhaa nyuma na mumewe na wanawe waliobaki, na kipande chake cha mpunga kilipakana na changu. Ulimi wake kijiji kizima kiliujua.

"Afande," akasema, "mpunga haujui kusubiri. Mkimaliza kusafisha, mtaukuta umejisafisha wenyewe chini."

Watu wakacheka, na afisa naye akacheka. Akakubali kwamba wanawake tufuate nyuma ya mstari, tuvune pale palipokwisha kupekuliwa, tusipite mbele. Kwa hiyo nililiona jambo hili kwa macho yangu mawili, kisu cha kuvunia mkononi. Watu wengi waliokuja baadaye kulisimulia walikuwa wamekaa majumbani kwao.

Kabla sijaendelea lazima nieleze jinsi mama yule alivyokuwa na mjomba wangu. Sisi ni Wamakonde, na kwetu Wamakua ni watani. Mama yule alikuwa akiingia uani kwetu, anamkuta mjomba kaweka samaki juu ya makaa, anamwinua samaki kwa mkono na kumla mbele ya macho ya mwenyewe, huku akimwambia kwamba Mmakonde hastahili samaki, amtafute panya. Mjomba naye alimjibu kwamba panya wote wa nchi hii walikwishamalizwa na Wamakua. Kila upande uliapa kwamba mwenzake ndiye mla panya, na panya wenyewe tuliwala sote. Mgeni akiwasikia alidhani wataumizana. Mama yule alipofiwa na mumewe, matanga yamekaa kwa uzito, mjomba ndiye aliyetokea amevaa gauni la marehemu mke wake, akilia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, akimdai maiti tumbaku. Mjane akacheka mpaka akaweza kulia vizuri.

Watu wa siku hizi wanafikiri utani ni mzaha tu. Mzaha ni nje yake. Ndani yake ni kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya, lakini kukudhuru hana. Ukiwa safarini mahali usipojulikana, unamtafuta mtani, na ukimpata unalala usingizi.

Basi tukavuka.

Mstari ulianzia ncha ya juu, askari mmoja, mgambo wawili, askari mmoja, mgambo wawili, kila mtu anaweza kumgusa jirani yake kwa fimbo. Wanachoma matete kwa singe na fimbo, wanaita "Toka! Mikono juu!" kisha wanapiga hatua. Nimewahi kuona watu wanavyozungusha nguruwe-mwitu kwenye mihogo, na wanaume wetu walikuwa wanafanya vilevile, hata makelele yalikuwa yaleyale. Walipata kofia za chuma, makopo ya samaki, buti moja, na redio ndogo iliyovunjika ambayo mjomba aliitamani akakatazwa. Walipata maiti mbili kwenye tope na moja kwenye mizizi ya mikoko. Nyuma yao sisi tulikata masuke, tukafunga miganda, na kulaani kila buti lililopita kwenye mpunga. Mpunga uliolala kwa upepo unaweza kuuinua ukauvuna. Uliokanyagwa na buti umekwenda.

Siku ya kwanza ilikuwa hivyo, na tulianza hata kuimba. Siku ya pili askari mmoja alikanyaga bomu lililofukiwa kwenye njia ya kwendea dungu, lile jukwaa letu la kuamia ndege. Njia ile nimeipita tangu utotoni. Rafiki yake, kijana mwembamba kutoka bara, alimbeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, lakini walipofika ng'ambo alikuwa amekwishakufa. Yule kijana akarudi siku ileile kwenye mstari. Damu ilimkaukia mgongoni na hakuitoa, wala hakula tulichopika. Nilimpelekea bakuli mwenyewe. Aliliangalia kisha akaniambia, "Ahsante, dada," na kulirudisha. Nilimhurumia sana, na hilo nalo ni kweli.

Baada ya hapo hakuna aliyeimba. Mstari ukaenda polepole, kila mtu anaangalia miguu yake.

Mwishowe kikabaki kipande cha matete ya ncha ya chini, na kati ya matete na mstari kulikuwa na mpunga ambao haujavunwa, wangu na wa mama wa Kimakua na wa watu wengine wachache. Kulikuwa na alama kwenye tope, mtu mmoja, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuzwa. Kwa nyuma yake maji, na ndani ya maji mamba. Hakuwa na pa kwenda.

Afisa akaagiza matete yachomwe moto.

Upepo ulikuwa unatoka baharini. Hata asiyelima angeona moto utakwenda wapi. Mjomba akamwendea afisa, kofia yake ya kiua mkononi, akamweleza habari ya mpunga. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "nimepoteza mtu kwenye kisiwa ambacho kimekwishakombolewa. Sipotezi wa pili kwa ajili ya mpunga. Kama huyo hataki kutoka, moto utamtoa."

"Nipe nafasi nimwite."

"Wamemwita tangu asubuhi. Hajui Kiswahili. Wewe utamwita kwa Kireno?"

Hapo mama wa Kimakua akaja, miganda kichwani, bila kualikwa. Alisema amemsikia mtu yule tangu alfajiri, alipokuwa akivuna pembeni, analalamika kwa maumivu, na anayemwita ni mama yake, tena kwa Kimakua. "Huyo si Mreno, afande. Huyo ni mtoto wa watu, wamemkamata wakamvalisha nguo zao. Wa kwangu wawili wamechukuliwa hivyohivyo."

Sisi tulilijua jambo hilo. Wareno walikuwa wakiwachukua vijana weusi na kuwatia jeshini, na katika jeshi lile waliotangulizwa na walioachwa nyuma walikuwa haohao. Afisa naye alilijua. Akatazama matete kwa muda, akamtazama mjomba.

"Chungu cha uji kikiiva, nachoma," akasema. Kisha akawageukia askari wake. "Mtu asipige mpaka niseme mimi."

Alilisema kwa sauti ya kusikika. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye moto wa uji wa askari, na nilisikia.

Mjomba akavaa kofia yake, akaenda mpaka ukingoni mwa mpunga, akapanua miguu na kuweka mikono kiunoni, kama alivyosimama kila alipotaka kumtukana jirani yake. Kimakua chake kilikuwa kibovu, kimechanganyika na Kimakonde na Kiswahili, na mama yule alikuwa akimcheka kwa hilo kila siku. Aliita hivi, nakieleza kwa Kiswahili tu:

"Wewe mla panya! Wewe uliyejificha kwenye matete! Mimi ntani wako nimekuja, nimetoka kwangu na njaa, na wewe unanikalia humo ndani kama mwali! Toka unipikie!"

Askari wakatazamana. Nadhani walidhani mzee amepatwa na kichaa.

"Au panya wamekwisha? Wamakua mmemaliza panya wa kwenu mkavuka kumaliza na wa kwetu! Mjeshi gani wewe, unashinda kwenye tope kama kambare?"

Chungu cha uji nilikuwa nakikoroga mimi, na nakiri nilitoa kuni mbili nikaziweka pembeni.

Mjomba akaendelea. Alitukana nywele za Wamakua, ngoma zao, mapishi yao, wakwe zao. Alipofika kwenye wakwe, sauti ikatoka ndani ya matete, nyembamba, imekauka, lakini ya mtu anayejua anachokisema.

"Mla panya ni wewe na mjomba wako!"

Wanawake wote tukapiga kigelegele bila kupanga. Mama wa Kimakua alijishika tumbo. Hata afisa, ambaye hakuelewa neno, alitabasamu kwa kuwa aliona jambo limekwenda vizuri.

Wakazungumza. Mtu yule akauliza wako wangapi wenye bunduki. Mjomba akamwambia ukweli, wengi. Akauliza watamfanya nini. Mjomba akasema watamfunga, watampeleka, atakula ugali wa serikali mpaka anenepe. "Na kabla hawajakugusa watanigusa mimi. Mimi nitasimama mbele yako. Ntani wako nakwambia."

Bado hakutoka, na hapo yule mama akajitosa. Aliita kwa Kimakua safi, sauti yake imebadilika, hakuna tusi hata moja. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema, "Mwanangu, mimi ni wa kwenu. Huyu zee namjua, anakula kwangu bila kuombwa. Ni mwongo katika mambo yote, ila kwa hili si mwongo."

Bunduki ikarushwa nje, ikaanguka kwenye mpunga. Kisha akatoka mwenyewe, mikono juu.

Sikutegemea awe mdogo vile. Si mtoto, hapana, ndevu zilikuwa zimeanza, lakini gwanda lilikuwa la mtu mwingine, mikono yake imepotea ndani ya mikono ya gwanda. Mguu wa kushoto alikuwa ameufunga kwa gome la mti. Alichechemea akipita kwenye mpunga, na nakumbuka alijitahidi asiukanyage, akiweka ule mguu mbovu katikati ya mashina. Mtu wa kulima. Mjomba akamwendea, wakakutana katikati, na mjomba akageuka akatuelekea sisi, amesimama mbele yake kama alivyoahidi.

Yule kijana akateremsha mkono mmoja. Akaunyoosha kutoka nyuma, akamvua mjomba kofia kichwani kwa ghafla, akaivaa yeye. Akasema kwa sauti, "Hii yangu sasa."

Ndiyo kazi ya mtani. Ndivyo mtu anavyokwambia kwamba amekukubali, amekuamini, mko pamoja. Tulicheka kisiwa kizima. Mgambo walicheka, wanawake tulicheka, na mjomba alicheka kuliko wote, akainama, mikono kwenye magoti, mgongo unatikisika.

Alipoinama, risasi ikapita juu yake.

Kijana alianguka chali, kofia ya kiua kichwani. Mjomba alibaki ameinama kwa kitambo kidogo, bado anacheka, kwa kuwa alikuwa hajajua. Hicho ndicho kipande ambacho sijaweza kukisahau, na sioni sababu ya kukisahau.

Aliyepiga ni yule askari mwembamba aliyefiwa na rafiki. Afisa alimfuata, akampiga kofi la uso, akamnyang'anya bunduki, akamuuliza kama hakusikia amri. Yule askari akasema alisikia. Akasema aliona mkono wa adui unamwendea mzee shingoni kwa nyuma, akadhani anakabwa.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Labda alisema kweli. Kwa mbali, mtu mwenye usingizi na damu ya rafiki yake mgongoni anaweza kuona mkono na asione kofia. Kwao pia wana watani, lakini nani ategemee utani kutoka kwa mtu aliyevaa nguo za Mreno? Najaribu kumpa haki yake. Ila kuna kitu kimoja kinanikaba. Sisi wote tulikuwa tunacheka. Mtu anayenyongwa, ndugu zake husimama wakacheka? Masikio alikuwa nayo. Siku nyingine naamka nimemsamehe, na kufika mchana nimeshabadili mawazo.

Mama wa Kimakua alitua miganda yake, akaenda, akafungua khanga yake ya juu, akamfunika kijana. Kofia aliiacha palepale ilipo. Mjomba alikuwa amekaa chini kwenye tope, kichwa wazi, na nilipomshika bega aliniambia kwa Kimakonde, taratibu kabisa, "Nilimwambia nitasimama. Nimeinama."

"Hukufanya kosa, mjomba."

"Nimeinama," akasema tena.

Walimzika pembeni ya shamba, kwenye mchanga ulioinuka. Mjomba alichimba yeye, na hakutaka kupokewa jembe. Kwenye maziko ya Mmakua yeye ndiye aliyepaswa kusema maneno, kumdai maiti, kuwachekesha watu. Walisubiri. Askari walisubiri bila kujua wanasubiri nini. Mjomba alifukia kaburi, akalisawazisha kwa nyuma ya jembe, akaondoka.

Kisha afisa akatuambia tuendelee kuvuna, kisiwa sasa ni salama. Na tukaendelea. Sijui watu wanadhani tungefanya nini. Mpunga ulikuwa unapukutika. Nilivuna changu, nikavuna na cha mama wa Kimakua, maana yeye alikuwa amekaa kando ya kaburi na hakurudi kushika kisu. Tulivuka na mitumbwi imejaa. Redio haikusema kitu, kwa kuwa kwake kisiwa kilikwishakombolewa zamani.

Yule mama nilimpelekea mpunga wake mlangoni. Alinishukuru vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nilikuwa hata na jibu, lakini alinishukuru akaniuliza hali ya mume wangu. Nikadhani mambo yatapoa. Nilirudi Likombe.

Mwaka uliofuata, niliporudi kwa ajili ya mavuno, nilimkuta mjomba amekonda. Mke wa jirani aliniambia hali. Wamakua wa kijiji hawakumtenga, hapana, hakuna aliyemsema vibaya. Wote walikuwa mashahidi kwamba alitenda kwa nia njema. Walichofanya ni kuanza kumheshimu. Wakikutana naye njiani walisimama pembeni apite, kama wanavyowapisha wazee. Waliomzidi umri walimwita ndugu, waliozidiwa walimwita baba. Alipotoa tusi, walitabasamu wakainamisha macho. Msiba wa Kimakua ulitokea, akaenda, akapewa kiti mbele pamoja na wageni kutoka mjini. Kiti! Mtani hukaa kwenye majivu, hukaa juu ya kitanda cha maiti, hukaa anapotaka. Hajawahi kupewa kiti.

Samaki wake juu ya makaa hakuna aliyemgusa tena. Alikula peke yake mpaka mwiba wa mwisho.

Nilikasirika. Nilisema nitakwenda kwa yule mama nimweleze, yeye mwenyewe si ndiye aliyesema huyu si mwongo? Mjomba akanikataza. Akasema jambo la watani huamuliwa na watani, na asubuhi ile akatoka yeye. Nilimfuata kwa mbali, nikajifanya natafuta kuni.

Yule mama alikuwa uani anakanda udongo wa vyungu. Mjomba aliingia bila hodi, kama zamani, akaanza tangu getini: vyungu vyenu vibaya, vinavuja, mnakanda udongo kwa miguu michafu, ndiyo maana maji yenu yananuka panya. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama akaacha udongo. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mkeka mpya, akautandika kivulini. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba," akasema. "Karibu ukae."

Walikuwa rika moja. Labda yeye alimzidi mwaka au miwili.

Mjomba hakukaa. Alizunguka ua mzima akitafuta cha kufanya, na mwisho akamwona jogoo, akamkamata, akamtia kwapani, akaanza kuondoka. Alitembea polepole. Alitembea polepole kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, akiburuza kandambili, akingoja. Zamani asingefika njiani kabla hajapigwa kwa mwiko.

"Baba," mama akamwita.

Mjomba akageuka haraka. Nilimwona uso wake kutoka pale nilipokuwa, na sitaki kuueleza.

Yule mama alikuja na kipande cha ukili. Akamchukua jogoo kwa adabu, akamfunga miguu vizuri, mafundo mawili, akampa kwa mikono miwili. "Asikusumbue njiani," akasema. Kisha akarudi kwenye udongo wake.

Nilifika nyumbani kabla yake nikakaa kwenye kinu kana kwamba sikutoka. Alipoingia na yule jogoo nikajitahidi kuchangamka, nikamwambia, "Mjomba, umeiba tena?"

Akamweka jogoo chini, bado amefungwa. Akavua kandambili, akakaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo.

"Sikuiba," akasema. "Nimepewa."